Majina ya Majimbo ya Buha

Wasikilizaji, nchi ya Buha hapo zamani iligawanyika katika tawala za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, kila utawala na Mwami wake. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikomesha enzi hizo. Majina hayakufa yote.

Upande wa Kibondo, Muhambwe na Buyungu yalifanywa majimbo ya uchaguzi. Hata ilipokatwa wilaya ya Kakonko mwaka 2012, Buyungu ilikwenda huko na jina lake.

Kasulu mambo yalikuwa mengine. Heru, alikotawala Mwami Theresa Ntare tangu 1946, haikupewa jimbo. Yaliwekwa Kasulu Mashariki na Kasulu Magharibi, majina ya dira tu! Uchaguzi wa 2010 uliyakuta yamekwisha, mahali pake pana Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Jina la Heru limebaki kwenye kata ya Heru Juu.