Kidonge cha Presheni, Tone la Glakoma

Mkazi wa Mikindani, Mombasa, anayeugua presheni pamoja na glakoma hutibiwa kana kwamba ni watu wawili. Enalapril huichukua kwenye kliniki ya presheni huku bara. Timolol ya matone huandikiwa na daktari wa macho, mara nyingi baada ya kuvuka Makupa kwenda kisiwani. Aghalabu kila upande una kitabu chake, na kitabu cha huku hakifunguliwi kule. Fiziolojia ya mishipa ya jicho haiungi mkono utengano huo.

Koroidi, tabaka lililo nyuma ya retina, ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya damu ya jicho, nayo hutawaliwa na neva: za parasimpathetiki hutoa peptaidi iitwayo VIP, inayotanua mishipa, za simpathetiki hutoa noradrenalini na neuropeptaidi Y, zinazoibana. Mishipa ya retina haina neva hizo. Presheni ya mwili ikipanda hujibana, ikishuka hujitanua, ili damu ipite kwa kiwango kilekile, na kazi hiyo hutegemea kemikali zinazotengenezwa papo hapo.

Mojawapo ni endothelini-1, iliyotangazwa nchini Japani mwaka 1988 na Masashi Yanagisawa na wenzake. Ina asidi amino 21 tu, lakini ni miongoni mwa vibanaji vikali kabisa vya mishipa. Kwenye misuli ya mshipa, kipokezi A huubana. Kwenye utando wa ndani, kipokezi B huchochea oksidi ya nitriki na mshipa hulegea. Wanyama wa maabara waliotiwa endothelini karibu na neva ya jicho walipungukiwa na damu hapo, wakapoteza seli za neva. Ushahidi huo una uzito, ila sioni kuwa unatosha kumwandikia mtu leo dawa ya kuzuia endothelini.

Angiotensini II, kibanaji kingine cha mishipa, ni habari nyingine, maana dawa yake tayari imo mfukoni mwa mgonjwa. Enalapril huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza. Kimeng'enya hichohicho huvunja bradikinini, inayotanua mishipa; ikirundikana, wengine hushikwa na kikohozi kikavu, na wachache huvimba midomo. Utafiti wa RASS wa mwaka 2009, uliosajili watu 285 wenye kisukari cha aina ya kwanza na presheni ya kawaida, ulionyesha kuwa enalapril ilipunguza kwa 65% uwezekano wa ugonjwa wa retina kuendelea. Hao hawakuwa wagonjwa wa glakoma, lakini kidonge kilifika kwenye retina.

Tone nalo halibaki jichoni. Hupitia mfereji wa machozi hadi puani, likaingia damuni na kupunguza mapigo ya moyo. Ndiyo maana mgonjwa huelekezwa abonyeze kona ya jicho, upande wa pua, kwa dakika mbili hivi. Mwenye pumu laweza kumbana kifua.

Hatari hasa iko usiku. Damu huingia jichoni kwa nguvu ya tofauti kati ya presheni ya ateri na ya jicho. Mtu akilala, ya jicho hupanda. Ya mwili hushuka usingizini, na kidonge kilichomezwa kabla ya kulala chaweza kuishusha zaidi. Daktari wa macho akiona neva ya jicho inazidi kuharibika ilhali kipimo cha presheni ya jicho kinasoma vizuri, asikimbilie tone la pili kabla ya kuuliza kidonge humezwa saa ngapi. Na wa presheni, kabla ya kuongeza atenolol, ambayo nayo hupunguza mapigo ya moyo, aulize kama kuna chupa ya timolol nyumbani.