Pima sauti ya spika zako kwa simu: usawa wa spika na usalama wa masikio

Umewasha filamu. Waigizaji wakizungumza husikii, unaongeza sauti. Ghafla bunduki inalia, dirisha linatikisika na mtoto aliyelala anaamka. Wengi hudhani deki ni mbovu. Mara nyingi tatizo ni spika ambazo hazijasawazishwa.

Hom thieta ya kawaida ina spika tano na sabufa: mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma. Katika filamu, maneno mengi hutoka kwenye spika ya katikati. Ikiwa hiyo iko chini kuliko nyingine, maneno humezwa na muziki na milio.

Kiwango cha sauti hupimwa kwa desibeli. Mafundi hutumia kifaa maalumu, lakini nyumbani unaweza kutumia simu yenye programu ya kupima sauti. Simu inaweza kukosea kwa desibeli kadhaa. Hata hivyo, kwa kazi ya kulinganisha spika inafaa, kwa sababu kosa lake ni lilelile kwa kila spika.

Namna ya kupima

1. Zima feni na redio, funga mlango. Kava ikiziba maikrofoni ya simu, ivue.

2. Kaa mahali unapokaa siku zote. Shika simu kwenye usawa wa masikio, mbali kidogo na mwili. Kama programu ina chaguo la A na C, chagua C.

3. Bonyeza kitufe cha TEST kwenye rimoti, au tafuta mpangilio wa spika kwenye menyu. Utasikia mlio wa "shhh", kama mvua juu ya bati, ukihama kutoka spika moja hadi nyingine.

4. Anza na spika ya mbele kushoto. Rekebisha sauti kuu hadi simu isome karibu 75. Baada ya hapo usiiguse tena sauti kuu.

5. Kwa kila spika nyingine, ongeza au punguza kiwango chake peke yake mpaka nayo isome 75. Tofauti ya desibeli moja haina shida.

6. Sabufa ipime kwa sikio. Maikrofoni nyingi za simu hazisikii besi vizuri, hivyo ukifuata namba utaipandisha kupita kiasi. Cheza filamu yenye mazungumzo. Besi ikifunika maneno, ipunguze. Ikiwa iko kwenye kona, isogeze, maana kona huongeza besi.

Namba zinasema nini kuhusu masikio?

Hapa ndipo wenye vibanda umiza wanapaswa kusikiliza. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Zikifika 100, muda ni dakika 15 tu. Mechi moja ni dakika 90, na anayeendesha kibanda husikia mechi kadhaa kwa siku.

Kwa hiyo pima pia benchi la mbele, karibu na spika, ambako mara nyingi hukaa watoto. Kwa kipimo hiki chagua A. Simu ikisoma zaidi ya 85, punguza sauti, au inua spika juu ya vichwa na usogeze benchi nyuma. Kumbuka kwamba kwenye kelele kubwa sana simu nyingi husoma chini ya ukweli.

Ukitoka kibandani masikio yakivuma, au ukisikia watu kama wako mbali, hiyo ni dalili kwamba kelele ilizidi. Vinyweleo vya kusikia vilivyo ndani ya sikio vikifa havioti tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha. Hali hiyo ikiendelea kwa siku kadhaa, nenda kituo cha afya.

Spika zikishasawazishwa, utashangaa: maneno yanasikika hata sauti ikiwa chini, na jirani naye analala.