Redio ya Morris

Kitu cha zamani hakisemi mpaka apatikane wa kukiuliza. Mimi nilikiuliza kimoja mwaka 1994, kijijini Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, nacho kikanijibu zaidi ya nilivyotarajia.

Nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa tajiri wa nazi, palikuwa na bodi la Morris Minor lililoliwa na kutu. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Redio ilikuwa bado ipo mahali pake, kioo chake kizima. Nikamwomba. "Chukua, mwanangu," akasema, "lakini ikisema, irudishe isemee hapa."

Msomaji kijana huenda asijue kuwa redio ya gari ya siku hizo ilikuwa mtambo mzito wa valvu. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, lakini haikuingia kwenye redio za magari mpaka katikati ya miaka ya 1950. Valvu zile zilitaka volti mia mbili hivi, na betri ya gari ilitoa 12 tu. Basi ndani mlitiwa kidude kiitwacho vaibreta, kilichotetemeka na kuukatakata umeme wa betri ili transfoma iweze kuupandisha. Ndiyo maana redio hizo zilivuma kama nyuki kabla ya kusema.

Fundi wangu wa mjini aliifungua. Chumvi ya bahari ilikuwa imezila ncha za vaibreta. Tukazisugua kwa msasa laini. Kapasita zilizooza tukazibadilisha. Karatasi ya spika ilikuwa imetafunwa na mende. Tukaitia viraka kwa gundi. Kisha akanionya: magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha ya leo. Ukikosea, kazi yote inaungua.

Niliporudi Matemwe na betri ya kuazima, mzee alinihadithia. Kwa redio ile alisikiliza sherehe za uhuru, Disemba 10, 1963. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, wanamapinduzi walikiteka kituo cha redio cha Raha Leo, na ndani ya Morris ikaingia sauti ya John Okello, mtu wa kutoka Uganda, ikitoa amri na vitisho kwa lafudhi ngeni. Mzee na kaka yake walisikiliza, milango wameifunga. Siku ya tatu kaka yake akaenda mjini kumtafuta mkewe. Hakurudi.

Nikaunganisha waya. Redio ikavuma, kisha ikaikamata Sauti ya Tanzania Zanzibar. Yalikuwa matangazo ya vifo: jina la marehemu, jina la baba yake, watoto wake, mahali na saa ya maziko. Mzee alisikiliza mpaka tangazo la mwisho.

"Wote hao wametajwa," akasema. "Ndugu yangu hakutajwa."

Mimi nilikuwa na furaha ya kazi iliyokamilika, ikanitoka. Vitabu vyetu vya historia vimewaandika waliosema redioni siku zile. Waliokuwa wakisikiliza hawamo.

Mzee akaizima redio. Kisha, kwa mpango ule ule wa mtangazaji, akalitaja jina la kaka yake, jina la baba yao, na siku aliyotoka nyumbani. Tuliokuwepo tukamwombea dua.