Kasiterite ya Bisie, Etaje za Goma: Nani Alijenga, Nani Alisukumwa?

Juzi nilienda na rafiki kuangalia parsele upande wa Mugunga. Amemaliza masomo, ana kazi ndogo, anataka kujenga. Komisioneri akataja bei, tukaangaliana, tukacheka. Kurudi, tukapita Himbi mbele ya etaje mpya zenye vioo vya bluu, rafiki akauliza: «Hizi pesa zilitoka wapi?» Leo nijibu kwa historia, kwa sababu jibu moja linapita Walikale, kwenye mlima wa Bisie.

Tuanze mbali kidogo. Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Watu wakakimbilia Goma. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja wakaingia kutoka Rwanda, na Mugunga ikawa kambi. Kisha vita vya 1996 na 1998. Kila vita ilileta familia mpya mjini, nazo zilitafuta mahali pa bei nafuu: nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, pembeni ya mji. Kumbukeni hilo neno «pembeni», tutarudi kwake.

Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltan ikapanda ghafla duniani, na mwaka 2001 ikaanguka. Kwa miezi hiyo michache kuna waliotajirika Goma. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikalipuka, lava ikapita katikati ya mji na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Wengi tungesema mji umekwisha. Lakini ndipo ujenzi uliposhika kasi, na mwaka uleule habari za Bisie zikaanza kusikika.

Bisie ilikuwa pori tupu. Kasiterite, yaani madini ya bati, ilipoonekana, maelfu ya watu wakaingia. Hapakuwa na barabara. Mbebaji alibeba kilo 50 hivi mgongoni, akatembea siku mbili msituni hadi Njingala, akilipa kwenye kila kizuizi cha watu wenye bunduki. Kutoka hapo mzigo ulienda Kilambo, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara, zikapakia, zikaruka hadi Goma. Bati lilikuwa limepanda bei: mwaka 2004 tani moja ilipita dola 9,000. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini ilitoka mlima huo mmoja. Toka 2006 hadi 2009 brigedi ya 85 ya jeshi ndiyo ilishika machimbo na kuchukua chake.

Sasa jiulize: ukiwa mnunuzi wa madini Goma wakati ule, pesa unaweka wapi? Benki zilikuwa chache, na nani aliziamini? Barabarani kuna wezi. Kiwanda hakuna umeme. Ng'ombe wa Masisi waliporwa. Kinachobaki ni nyumba. Ukuta haukimbii. Na wapangaji walikuwepo: MONUC pamoja na mashirika ya misaada, waliolipa kodi kwa dola. Hivyo vita ilitoa mchimbaji, muuzaji na mpangaji kwa pamoja. Himbi, Katindo na Kyeshero zikapanda etaje karibu na ziwa. Sisemi kila etaje ni ya madini. Kuna wafanyabiashara wa kitambaa na mafuta waliojenga kwa jasho lao. Lakini Bisie imo ndani ya zege hiyo.

Turudi pembeni. Kyeshero yenyewe ilikuwa pembeni zamani. Mji ulipopanuka kuelekea Sake, aliyekuwa na nyumba ya mbao aliletewa pesa ambayo hajawahi kuona. Akauza, akasogea Ndosho. Ndosho ikajaa, wengine wakasogea Mugunga na Lac Vert, hadi karibu na mpaka wa Hifadhi ya Virunga. Hakuna aliyefukuzwa kwa fimbo. Bei tu ilifanya kazi.

Halafu kuna sheria. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na cheti cha usajili ndicho kinamlinda. Lakini familia nyingi za pembeni zina karatasi ya mauzo tu, labda na muhuri wa chifu wa kartiye. Mwenye pesa anajua njia ya ofisi. Kwa hiyo parsele moja inaweza kuuzwa mara mbili, na kesi ikifika mahakamani, mwenye cheti ana nguvu.

Na Bisie? Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji, hadi Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ikaingia, na toka 2019 inachimba kwa mashine bati lenye ubora mkubwa sana. Machi 2025, vita ilipokaribia Walikale, ilisimamisha kazi kwa muda. Mbebaji wa kilo 50 hana nafasi tena kwenye hesabu, na mwanafunzi wa Walikale bado anashuka Goma kutafuta masomo, anapanga chumba cha mbao pembeni.

Ndiyo maana naona swali la rafiki yangu lilikuwa zito. Mlima ulitoa, mji ukapokea, na kati yao watu wakasogezwa. Historia hii haiwezi kufutwa. Tunachoweza ni kitu kidogo: tuliosoma sheria tusaidie jirani zetu kuelewa karatasi zao kabla ya kuuza au kununua. Mama mwenye parsele Mugunga akijua tofauti ya muhuri wa chifu na cheti, mtu wa bei tamu hatamchezea kirahisi.

Kwenu ninyi: familia yenu ilihama mara ngapi ndani ya Goma, na nani alinunua pale mlipotoka?