Liemba

Liemba ni jina la zamani la upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 1927 ni jina pia la meli ya ziwa hilo. Kwa miaka mingi abiria aliyeteremka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa kwenda Kasanga au Kipili alipotaja Liemba, ni meli aliyoiulizia.

Maana ya kwanza iliingia katika maandishi Aprili 1867, David Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa na kusikia wenyeji wakiliita hivyo. Alidhani ni ziwa la peke yake. Ilipobainika kuwa ni maji yale yale ya Tanganyika, jina la Liemba likafifia ramanini.

Meli iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, Papenburg, Ujerumani. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa Kijerumani ambaye chini yake Vita vya Maji Maji vilizimwa kwa bunduki na njaa. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku takriban 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha bara, na kuunganishwa Kigoma, ambako iliingia majini mwaka 1915.

Tarehe 26 Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakikimbia majeshi ya Ubelgiji na Uingereza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Kabla ya hapo mafundi waliotoka nayo Papenburg waliipaka mitambo yake grisi nzito, ili siku moja ifae tena. Uangalifu huo ndio ulioiokoa. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 walikuta mitambo bado inatengenezeka, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Injini zake za mvuke zilidumu hadi miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Kubadilisha jina kulikuwa haki: la gavana liliondoka, la wenyeji wa ziwa likarudi.

Njia yake ya kawaida ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg wakati wa Wajerumani, ndiyo bandari iliyo karibu na mpaka. Barabara ya kilomita 112 hivi kupitia Matai huiunganisha na Sumbawanga, ikishuka takriban mita 1,000 kutoka uwandani. Vijiji vingi vya mwambao havina gati. Huko meli ilikuwa ikisimama majini, mitumbwi ikiifuata ubavuni na kupakia watu, magunia ya dagaa, migebuka mikavu na mahindi.

Liemba imebeba pia wakimbizi: Wakongo waliorejea kwao mwaka 1997, na Warundi waliochukuliwa Kagunga kwenda Kigoma mwaka 2015. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimama kwa uchakavu, na Serikali ya Tanzania ikaamua kuikarabati.