Garratt: Injini ya mvuke iliyopanda hadi Nairobi bado yanguruma Wales

KASKAZINI mwa Wales, kati ya miji ya Caernarfon na Porthmadog, ipo reli nyembamba ya kilomita 40 ipitayo kando ya mlima Yr Wyddfa. Reli ya awali ilifungwa katika miaka ya 1930, na vyuma vyake vikang'olewa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilijengwa upya kati ya 1997 na 2011, watu wa kujitolea wakiwa na mchango mkubwa.

Wikendi za sherehe zinapowadia, wapenzi wa gari moshi hufurika huko. Moto huwashwa alfajiri, saa kadhaa kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa maji ya boila hayaharakishwi. Wageni huja na kamera zao, na wengi hawana haja ya kufika popote. Wanachokifuata ni mlio wa injini ikipanda kona za Beddgelert, ambako njia huinuka mita moja kwa kila mita 40.

Injini hizo ni za aina ya Garratt, iliyopewa jina la mbunifu wake, Mwingereza Herbert William Garratt. Boila huning'inia katikati, juu ya fremu inayoegemea seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma, kila moja ikiwa na silinda zake. Kwa hiyo injini hujipinda penye kona, na uzito wake husambaa hata reli hafifu ikaumudu. Ya kwanza kabisa, K1, iliundwa mjini Manchester na kampuni ya Beyer Peacock mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Leo ni mali ya reli hiyo ya Wales.

Msomaji wa Kenya asidhani habari hii ni ya ugenini. Kiwanda hichohicho ndicho kilichounda Garratt 34 za daraja la 59, zilizoanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1955 na kupewa majina ya milima. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozishinda kwa nguvu. Zilichoma mafuta mazito, wala si makaa, zikivuta mizigo kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Kufikia 1980 zote zilikuwa zimestaafishwa. Zilizosalia ni mbili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi yaliyofunguliwa mwaka 1971. Mount Gelai iliwahi kufufuliwa ikatembea tena katika miaka ya 2000.

Kuiwasha injini kama hiyo si kazi ya kiberiti. Boila sharti ikaguliwe, mabomba yapimwe, na awepo mtu anayeutambua moto mzuri kwa rangi ya moshi. Ujuzi huo hurithishwa penye kazi yenyewe. Wales, vijana huanza kwa kusugua masizi na kufikia udreva baada ya miaka mingi. Hapa kwetu, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akichochea tanuri la daraja la 59 mwaka 1975, kama angali hai, amekwisha kutimiza miaka 70.