Nani Atafunga Duka? Kipimo cha Neti-neti, Hisa za Bioteknolojia na Pareto ya Gusii

Mwaka 1932, soko la hisa la New York likiwa bado magofuni, Benjamin Graham aliandika mfululizo wa makala katika jarida la Forbes akiuliza kama kampuni za Marekani zilikuwa na thamani kubwa zaidi zikiwa maiti kuliko zikiwa hai. Alikuwa amepiga hesabu akakuta kampuni nyingi zinauzwa sokoni kwa bei isiyofikia fedha na bidhaa zilizomo ndani mwake, hata baada ya kuondoa kila deni. Miaka miwili baadaye, yeye na David Dodd waliipa hesabu hiyo nafasi yake katika kitabu Security Analysis, na tangu hapo wafuasi wao wameiboresha na kuikaza.

Aina yake kali zaidi ndiyo tutakayoiita hapa kipimo cha neti-neti. Fedha taslimu huhesabiwa zote. Pesa ambazo kampuni inawadai wateja wake huhesabiwa robo tatu, kwa kuwa si kila mdaiwa hulipa. Bidhaa zilizo ghalani huhesabiwa nusu, kwa kuwa anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara. Majengo, mitambo, hataza na jina zuri havihesabiwi kabisa. Jumla hiyo huondolewa madeni yote, yaliyoiva na yasiyoiva, na kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya hisa. Bei ya hisa ikiwa chini ya hapo kwa kiasi cha kutosha (Graham alipenda kulipa theluthi mbili tu ya mali ya muda mfupi baada ya kuondoa madeni yote), mnunuzi anapata biashara nzima bure na chenji juu.

Ni hesabu ya muuza ndizi wa Keroka jioni, soko likikaribia kufungwa: mikungu iliyobaki haina bei ya asubuhi, madeni ya mkopo wa gari yapo palepale, na noti zilizo kibindoni ndizo za uhakika. Sina ugomvi na hesabu hiyo kwa muuza ndizi. Ugomvi wangu ni pale inapopelekwa, bila kuguswa, kwa kampuni ya bioteknolojia. Ninadai kwamba katika hisa hizo mpangilio wa Graham hugeuka juu chini: fedha taslimu, ambazo yeye aliziacha bila kukatwa hata senti, ndizo zinazostahili kukatwa kwanza. Sababu yake inaonekana vizuri zaidi Nyamira na Kisii kuliko Boston.

Soko la Hisa la Nairobi halina kampuni ya kutafiti dawa ambayo mwekezaji angeweza kuipima. Lakini nyanda za juu za Gusii ziliwahi kuishi kwa zao ambalo kiini chake ni kemia ya kiumbe hai. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa njano, hubeba pairethrini, sumu inayoangusha wadudu na kuoza upesi kwenye jua na hewa. Kuanzia miaka ya 1950 wakulima Waafrika walipoingia katika kilimo hicho, Gusii ikawa mojawapo ya ngome zake. Maua yalichumwa, yakakaushwa, yakapelekwa kwa chama cha ushirika, na kutoka hapo hadi kiwanda cha Bodi ya Pareto mjini Nakuru, ambako sumu ilikamuliwa na kuuzwa ng'ambo. Kwa miongo kadhaa Kenya ilitoa sehemu kubwa mno ya pareto yote iliyouzwa duniani, na mapema katika miaka ya 1990 mavuno yalikaribia tani 18,000 za maua makavu kwa mwaka.

Hebu sasa tuwe wachambuzi wa hisa na tujifanye kwamba Bodi ilikuwa kampuni yenye hisa. Baada ya mavuno hayo makubwa, mizania yake ingependeza macho: ghala limejaa, tena bidhaa adimu. Kipimo cha neti-neti kingeihesabu nusu na kudhani kimekuwa kikali. Hakikuwa kikali hata kidogo. Sumu ya pareto hupungua nguvu ghalani, kwa hiyo kilo iliyoandikwa daftarini haikuwa kilo ileile baada ya miaka miwili. Wanunuzi, waliochoshwa na zao linalofurika mwaka huu na kuadimika mwaka ujao, walikuwa na njia mbili za kukimbilia. Moja ilikuwa sumu za viwandani zilizoiga muundo wa pareto, kama paremethrini iliyobuniwa na Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1970. Nyingine ilikuwa Tasmania, ambako Waaustralia walikuwa wakilima pareto kwa mashine. Kanuni za uhasibu zinataka bidhaa iandikwe kwa gharama yake au kwa bei inayoweza kupatikana, ile iliyo ndogo. Ila bei inayoweza kupatikana ni maoni ya mtu, na anayeulizwa maoni hayo ni yuleyule aliyelijaza ghala.

Halafu liko daftari la pili, ambalo wachambuzi hawalifungui. Kila kilo ya maua iliyopokelewa bila kulipiwa ilikuwa deni katika hesabu za Bodi, na papo hapo ilikuwa mali katika hesabu za mkulima wa Borabu au Nyamache. Mkulima huyo, kwa lugha ya Graham, alikuwa na dai la kuhesabiwa robo tatu. Malipo yalichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, na serikali ikalazimika mara kwa mara kutoa fedha za kulipa malimbikizo. Wakulima hawakungoja mfilisi. Waling'oa pareto wakapanda chai, ndizi na miwa, na kiwanda cha Nakuru kikabaki na mitambo isiyo na cha kukamua. Mali ya thamani kuliko zote, yaani imani ya mchumaji kwamba atalipwa, haikuwa na mstari wake popote katika mizania, na ndiyo iliyokwisha kwanza.

Jambo ninalolisisitiza hapa ni kwamba hakuna aliyefunga. Hesabu ya neti-neti ni picha ya siku ya mwisho: mlango umefungwa, bidhaa zimeuzwa, wadai wamelipwa, kilichobaki kimegawanywa. Kwa Bodi siku hiyo haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa chombo cha sheria, haikuwa na wanahisa wa kuitisha mkutano, na kila mwaka wa kusubiri ulikula sehemu ya kile ambacho ufungaji ungekiokoa. Ilipofika Sheria ya Pareto ya mwaka 2013, iliyofungua biashara kwa wanunuzi wengine na kuweka kampuni ya usindikaji mahali pa Bodi, mavuno ya nchi yalikuwa yamebaki chembe tu ya yale ya 1992.

Turudi sasa kwenye hisa za bioteknolojia. Kampuni ndogo ya aina hii, iliyoorodheshwa katika soko la Nasdaq, haina ghala la bidhaa wala wateja wa kudai. Ina fedha ilizochangiwa na wawekezaji, ina wanasayansi, ina molekuli moja au mbili zinazojaribiwa kwa wagonjwa. Kwa hiyo makato yote ya busara ya Graham yanakosa cha kukata, na kanuni inanywea hadi kuwa fedha kutoa madeni. Matokeo ya majaribio yakiwa mabaya, hisa huporomoka kwa asubuhi moja na bei inashuka chini ya fedha zilizomo benki. Mwaka 2022, riba zilipopanda na wawekezaji wakakimbia, kampuni nyingi za aina hii ziliangukia hali hiyo kwa mpigo. Kwa msomaji wa Graham ilionekana kama mwaka 1932 umerudi.

Chukua mfano wa kubuni. Kampuni ina dola milioni 100 taslimu na madeni ya milioni 20. Hisa zake ni milioni 50, kwa hiyo thamani ya neti-neti ni dola 1.60 kwa hisa. Sokoni inauzwa dola 1.05, chini kidogo ya theluthi mbili. Kanuni inasema nunua. Lakini kampuni hiyo hutumia dola milioni 12 kila robo ya mwaka kulipa maabara, hospitali zinazoendesha majaribio na mishahara. Robo mbili zikipita, thamani imeshuka hadi milioni 56, karibu sawa na bei uliyolipa. Mwaka ukiisha, imebaki milioni 32, yaani senti 64 kwa hisa. Unafuu ulionunua ulidumu miezi saba.

Hata wakurugenzi wakiamua leo kufunga, hawafungi leo. Wagonjwa waliomo katika jaribio hawaachwi njiani, mkataba wa pango la maabara huwa na miaka yake, wafanyakazi wana haki zao za kuachishwa. Tuseme ufungaji unachukua robo mbili na gharama ya ziada ya milioni 10. Milioni 80 zinakuwa 46, na hisa iliyoonekana rahisi kwa dola 1.05 ina thamani ya senti 92. Hakuna udanganyifu uliofanyika. Kila tarakimu ilikuwa mizaniani au katika maelezo yaliyoambatanishwa nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, limekaguliwa na kupigwa mhuri, na mali inapotea pamoja na habari zake kila baada ya miezi mitatu.

Kwa hiyo fedha za kampuni ya bioteknolojia zihesabiwe kama nafaka ya wimbi iliyo katika ghala la nyumba yenye walaji wengi: huulizi magunia ni mangapi kabla ya kuuliza wanakula kiasi gani kwa mwezi na ni nani mwenye ufunguo. Makato yangu ya kwanza ni matumizi ya robo nne zijazo, isipokuwa pana ushahidi kwamba kuna mtu mwenye nguvu na nia ya kufunga mapema. Mchambuzi wa mapokeo atanijibu kwamba ninaua tumaini, kwa kuwa fedha hizo haziliwi bure. Zinanunua maarifa, na jaribio moja likifaulu hisa hupanda mara kumi. Ni kweli. Ila hoja hiyo si ya neti-neti tena. Ni hoja ya kampuni iliyo hai, na inahitaji mtu anayeijua biolojia ya ugonjwa husika. Asiyeijua asijifiche nyuma ya Graham huku akicheza bahati nasibu ya molekuli.

Ushahidi wa mfungaji unafananaje? Mwaka 2023 Jounce Therapeutics, kampuni ya tiba za saratani huko Cambridge, Massachusetts, ilikuwa imetangaza kuungana na Redx Pharma ya Uingereza, muungano ambao ungezipeleka fedha zake katika utafiti mwingine. Concentra Biosciences, iliyo chini ya mwekezaji Tang Capital, ikaingia kati na kutoa dola 1.85 taslimu kwa kila hisa, pamoja na haki ya kugawiwa sehemu ya mapato iwapo molekuli zitauzwa baadaye. Muungano ukaachwa, wanahisa wakalipwa. Hesabu za Jounce zilikuwa wazi kwa kila mtu miezi kadhaa kabla. Kilichoongezeka ni mtu aliye tayari kuzima taa. Graham mwenyewe alilijua hili, ingawa wafuasi wake hulipita haraka: makala yake ya 1932 yaliwalaumu wanahisa wanaosahau kwamba kampuni ni yao, pamoja na wakurugenzi wanaokalia fedha zisizo zao.

Mtu anaweza kuuliza haya yanamhusu nani Gusii. Yanahusu zaidi ya inavyodhaniwa. Wagusii ni miongoni mwa jamii kubwa za Wakenya katika jimbo la Minnesota, wengi wao wakiwa wauguzi na wahudumu wa wazee, na akaunti za kustaafu na programu za simu zimeiweka Nasdaq mikononi mwao. Anayempigia simu ndugu yake aliyeko Ogembo kuhusu hisa inayouzwa chini ya fedha zake anasema ukweli, na ukweli huo haumsaidii ndugu.

Wanahisa wa viwanda vya chai vya Kebirigo, Nyansiongo au Tombe wao hawahitaji kufundishwa tofauti ya kumiliki na kuamua. Hisa zao haziuzwi Nairobi, na kwa miaka wamebishana kuhusu bonasi ambayo hesabu zake hupigwa mbali na shamba. Tangu 2016 kanuni za kimataifa za uhasibu zinamtaka mwenye shamba aandike mche wa chai kama mtambo, na majani yaliyo juu yake kama mali hai. Nimeipenda sikuzote kanuni hiyo, kwa kuwa inakiri kwamba mti mmoja una thamani mbili, ya kudumu na ya wiki hii. Laiti ingekuwapo moja inayogawanya fedha za kampuni ya utafiti vivyo hivyo, zile zilizokwisha ahidiwa na zile ambazo bado mwanahisa anaweza kuzidai.

Pareto nayo inarudi. Kampuni binafsi zimeingia kukamua, mojawapo ikijiita waziwazi ya bioteknolojia: Kentegra Biotechnology, yenye kiwanda Athi River na soko Marekani, ambayo imepata mkopo wa shirika la serikali ya Marekani la kufadhili maendeleo, DFC. Hisa zake haziuzwi kwa umma, kwa hiyo kipimo cha neti-neti hakina bei ya kulinganisha. Lakini mkulima anayempa mnunuzi yeyote wa pareto maua leo ili alipwe baadaye anakuwa mdai asiye na dhamana, na mche wa pareto ukishashika hukaa shambani miaka mitatu hivi. Akienda kwenye mkutano wa chama cha ushirika, maswali yake kwa mnunuzi ni mawili, na yote yanajibika kwa tarakimu: una fedha za kulipia maua ya miezi mingapi, na ukishindwa, ni nani atakayelipwa kabla yangu?